Msumari wa Matsangoni

Mamangu huihesabu njia ya kwenda Mambrui kwa maji. Kwanza ni maji ya Nyali, kisha ya Mtwapa, kisha ya Kilifi, na mwisho ni mto Sabaki ukishaipita Malindi. Yeye aliivuka Kilifi kwa feri miaka mingi kabla ya daraja kufunguliwa 1991, na huwasimulia wajukuu jinsi abiria walivyoshuka mabasini wakasimama juani kungoja zamu, na jinsi watu waliokuwa wakienda harusini walivyopata kufika harusi imekwisha. Akishavuka Kilifi husema, "Haya, tumefika," ingawa nusu ya safari bado iko mbele.

Asubuhi ninayoiandikia hakuhesabu chochote. Simu ilikuwa imelia baada ya sala ya Alfajiri: dada yake, mama mkubwa wetu wa Mambrui, alikuwa amefariki usiku. Tulileta istirjai, na kabla sijateleka chai jikoni Mama alikuwa amekwisha kuvaa buibui na kuketi ukumbini, furushi lake mapajani. Ndani yake mlikuwa na majani ya mkunazi aliyoyatwanga mwenyewe, kafuri, udi na chupa ndogo ya marashi. Mama ni mwoshaji. Mtaani kwetu wanawake wengi wamepita mikononi mwake. Na baina yake na dadaye palikuwa na ahadi waliyoifunga siku walipomwosha mama yao: atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki.

Mazishi yalipangwa baada ya sala ya Adhuhuri. Hapakuwa na wa kulalamika kuwa ni mapema, kwani maiti hacheleweshwi. Mume wangu alikuwa safarini bara, basi gari niliendesha mimi, Mama akaketi kando yangu na binti yangu wa miaka kumi na mmoja nyuma. Tuliondoka saa moja na nusu. Tulisoma dua ya safari, tukaingia katika msongamano wa Nyali, na nilianza kuhesabu dakika kama anavyohesabu mtu aliyekopa.

Baada ya Mtwapa njia hufunguka. Mashamba ya mkonge ya Vipingo yalipita pande zote mbili, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, na upande wa bahari njia panda ya Takaungu, mji waliokimbilia baadhi ya Wamazrui baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa 1837. Siku nyingine Mama angetaja jamaa zetu walioolewa huko, nyumba kwa nyumba. Siku ile aliyatazama maji ya Kilifi chini ya daraja, akageuza uso.

Hapo Tezo, penye maseremala wanaopanga vitanda na milango kando ya barabara, ndipo nilipousikia mlio. Tak, tak, tak, mwepesi, ukienda kasi nikienda kasi na ukipungua nikipunguza. Nilijiambia ni kijiwe kilichonasa kwenye mpira. Nataka niseme ukweli hapa, dada zangu, maana ndio sababu ya kuandika: nilijua kuwa si kijiwe. Mume wangu amenieleza mara nyingi kuwa mlio unaofuatana na mzunguko wa gurudumu ni wa kusimama na kutazama. Lakini kusimama kuna gharama ya dakika mbili, nami siku ile dakika mbili niliziona mali kubwa. Niliongeza mwendo.

Tulipita Matsangoni. Mbele kidogo msitu wa Arabuko-Sokoke hukaribia barabara upande wa kushoto, miti imesongamana, wala hakuna nyumba upande ule kwa kitambo. Huo ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, mabaki ya misitu iliyowahi kuufunika mwambao, na ukiupita kwa raha utausikia ubaridi wake hata ndani ya gari. Hapo ndipo nyuma ya gari ilipoanza kuyumba kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Niliondoa mguu kwenye mafuta polepole, nikaliacha gari lijipunguze lenyewe, nikatoka barabarani mpaka kwenye ardhi ngumu. Ilikuwa saa nne na dakika chache.

Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limekaa chini. Binti yangu ndiye aliyeuona msumari: msumari wa bati, ule wenye kofia pana, umezama wote katika mpira, kofia yake iking'aa kama kishaufu kwa kusuguliwa na lami. Alitaka kuuvuta. Nilimzuia, na hili angalau nilifanya vizuri. Tairi la tyubulesi hukumbatia msumari uliolichoma, na muda ambao msumari umo tundu huwa limezibwa nusu. Ukiung'oa bila kuwa na kitu cha kuzibia, upepo uliobaki hutoka wote, na fundi atakayekuja hajui tena pa kutafuta.

Niliwasha taa za hatari, nikaweka vile vibao vyetu vya pembetatu, kimoja nyuma na kimoja mbele. Nikapandisha buibui, nikalifunga kiunoni kwa leso. Mama alitaka kushuka anisaidie. Nilimtandikia mkeka chini ya mti, mbali na barabara, kwa kuwa watu wengi hugongwa wakiwa wamesimama kando ya gari bovu. Binti alileta mawe mawili tukayabana kwenye magurudumu ya mbele.

Nati hulegezwa kabla ya kuinua gari, wakati gurudumu bado limeshika ardhi. Ukishainua, kila ukizungusha spana gurudumu nalo litazunguka. Zilikuwa zimekazwa kwa mashine. Niliikanyaga spana kwa mguu mmoja, kisha nikaipanda kwa miguu miwili nikishikilia paa la gari, na ya kwanza ililegea kwa mlio uliomfanya Mama asimamishe tasbihi. Zikalegea zote tano. Nikaweka kipande cha ubao chini ya jeki isizame, nikainua, nikalivua gurudumu, nikalilaza chini. Mikono ilikuwa myeusi, hina imepotea ndani ya masizi. Nakiri nilijiona mtu.

Kisha nikatoa tairi la akiba chini ya zulia la buti. Nililibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea kama mkate wa mofa uliolowa.

Halikuwa na upepo. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho lilipotazamwa, sikukumbuka. Kila mwezi tulikuwa tukijaza upepo magurudumu manne, tunalipa, tunakwenda zetu, na la tano limelala chini ya zulia kama mgonjwa asiyetembelewa. Hili si kosa la mume wangu wala la kituo cha mafuta. Gari ninaliendesha mimi kila siku kupeleka watoto madrasa na shule. Ni mimi niliyekuwa na haki ya kulifunua lile zulia.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Sikulia, lakini Mama aliniona.

Matatu zilipita zimejaa. Moja ilisimama, ikitoka Mombasa kwenda Malindi. Utingo akateremka, akatazama, akatupa pole, akasema ana nafasi moja tu, mbele kwa dereva. Nafasi moja! Nilimkimbilia Mama, nikamshika mkono. "Nenda, Mama. Malindi utapata gari la Mambrui mara moja. Utawahi." Nilikwisha kulishika furushi ili nimpe utingo.

Mama hakusimama. Alitazama msitu, akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi na gari langu lililosimama kwa magurudumu matatu na jeki. "Niwaache watoto wawili hapa," alisema, "nimkimbilie mtu ambaye hana haraka tena?"

Nilimwambia habari ya ahadi. Nilimwambia kwa sauti kubwa kuliko inavyomstahiki mzazi, na Mola anisamehe. Utingo alikuwa akingoja, mkono juu ya mlango. Mama akamwambia, "Nenda, baba, Mungu akubariki," na matatu ikaondoka.

Muda mfupi baadaye kijana wa bodaboda alipita, amempakia mama mmoja mwenye beseni la samaki. Akasema fundi wa pancha yuko Matsangoni, atamwambia akishamteremsha abiria wake Mida. Hapakuwa na lingine la kufanya. Mama akaomba simu.

Alimpigia binti wa marehemu. Mimi nilijisogeza karibu na gari nikijifanya napangusa spana, lakini nilisikia. Aliuliza maji yamekwisha pashwa moto, aliuliza sanda zimekatwa ngapi, akaambiwa tano. Aliuliza nani yupo, akatajiwa wanawake, na kila jina aliitikia. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Basi msiningoje. Muosheni. Wewe ndiye binti yake, anza wewe, upande wa kuume. Mikono yako iwe laini kwenye goti la kushoto, lilikuwa likimuuma." Yule wa upande wa pili nadhani alikataa, kwa kuwa Mama alirudia, "Nimesema msiningoje. Hiyo ruhusa ninaitoa mimi, si wewe unayeivunja."

Alinirudishia simu, akaendelea na tasbihi yake. Kunguru walikuwa wakipiga kelele msituni. Lori lililopakia chumvi, nadhani kutoka kule Gongoni, lilipita likatutikisa na upepo wake.

Fundi alikuja baada ya nusu saa na zaidi, nyuma ya bodaboda ileile, amekumbatia pampu ya mguu na kisanduku cha mbao. Mtu wa makamo, mwenyeji wa hapo. Alimwamkia Mama kwanza, akapokea marahaba yake, kisha akalitazama gurudumu lililolala chini na kunitazama mimi. "Pole kwa kazi, mama," alisema. "Lakini ungeliacha tu mahali pake. Msumari uko katikati ya kanyagio, ningeliziba palepale." Binti yangu alicheka, mara ya kwanza tangu alfajiri.

Kazi yake haikuzidi dakika ishirini, na nyingi katika hizo zilikuwa za kupiga pampu. Aliung'oa msumari kwa koleo, akaupima kwa jicho, akautia mfukoni. Akaingiza tundu chombo kama bisibisi chenye meno, akakivuta na kukisukuma mpaka tundu likakwaruzika ndani. Akachukua uzi mnene wa mpira uliopakwa gundi, akautunga kwenye sindano yenye mpini, akaisukuma kwa uzito wake wote, akaichomoa ghafla, na uzi ukabaki ndani umejikunja. Akakata mikia yake. Tukajaza upepo kwa zamu, yeye na yule kijana. Akamwagia povu la sabuni, akainama kutazama kama kutatokea vipovu. Havikutokea.

"Hii ni ya kukufikisha," alisema, "si ya kukaa. Nenda mwendo wa wastani, na ukirudi upite kwangu nikutilie kiraka kwa ndani." Akakaza nati kwa kuvukavuka, si kwa kufuata duara, ili gurudumu likae sawa. Malipo aliyotaja yalikuwa madogo hata nikaona haya. Ilikuwa saa tano na nusu.

Njia kutoka hapo naikumbuka vipande vipande. Hori ya Mida na mikoko yake upande wa kuume. Njia panda ya Gede, ambapo ndani ya msitu upo ule mji wa mawe uliohamwa, na miongoni mwa makaburi yake lipo lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Kila nikipita hujiuliza ni nani waliomwosha aliyezikwa pale. Malindi, na pikipiki zake zisizosikia honi. Sabaki, maji mekundu kwa udongo wa bara. Mama aliyatazama, akasema polepole, "Manne."

Tuliingia Mambrui adhana ya Adhuhuri ikiadhiniwa. Mji ule ni wa kale, na una kaburi la mnara lililopambwa vibakuli vya Kichina, ambalo wageni hulipiga picha. Sisi tulilipita kama watu wa nyumbani wanavyopita. Vijana walikuwa tayari mlangoni na jeneza. Wanawake walipomwona Mama walifungua njia bila neno. Marehemu alikuwa amekwisha kuoshwa, amekwisha kuvikwa sanda, imebaki kufungwa upande wa kichwa tu. Binti yake alikuwa amewazuia wasifunge.

Mama aliketi. Alimtazama dadaye kwa muda wa kusoma Fatiha moja. Akafungua furushi, akatoa ile chupa ndogo ya marashi, akamgusa paji la uso kwa ncha ya kidole, akafunika, akafunga yeye mwenyewe. Majani ya mkunazi yalibaki ndani ya furushi.

Tulikaa mpaka hitima ya siku ya tatu, na siku ya nne tukarudi. Nilisimama Matsangoni kama nilivyoagizwa. Kibanda cha fundi ni nguzo nne na makuti, tairi moja kuukuu limetundikwa mtini liwe bango, na beseni la maji la bati. Siku ile nilikuwa na wakati, nikatazama.

Alilitoa tairi kwenye rimu kwa vyuma viwili virefu, akaingiza mkono ndani akanionyesha vidole: vumbi jeusi kidogo, unga wa mpira. "Umeuona? Hii ni kwa kuliendesha likiwa halina upepo. Ungeongeza kilomita moja, lingekuwa la kutupa, na sikio la tairi lingekatika ukiwa mwendoni." Sikio ndilo jina lake la ubavu wa tairi, na alisema pancha ya sikioni haizibwi, hata mtu akikuahidi vipi, kwa kuwa hapo mpira hukunjika kila mzunguko na kiraka hakikai. Akapasugua kwa tupa mpaka pakawa pa kukwaruza, akapangusa, akapaka gundi, kisha akaacha. Nilimuuliza mbona haweki kiraka. Akasema gundi haitaki haraka. Ikikauka hata isinate kidoleni ndipo hushika. Wengi hupaka na kubandika palepale mbele ya mteja mwenye haraka, na mteja hurudi baada ya wiki.

Wakati tukingoja nililiona kopo la maziwa ya unga, limejaa misumari. Ya bati, ya mbao, vipande vya waya, skrubu moja ndefu ya kutisha. Niseme tena ukweli: kule msituni nilipata kuwaza lile wanalowaza wengi, kwamba mafundi hawa huimwaga misumari wenyewe barabarani ili wapate kazi. Nadhani aliyasoma macho yangu. "Najua wanavyosema," alisema. "Ndiyo maana ninaiweka. Nikiitupa hapa itarudi kwenye gurudumu la mtu, na huyo mtu atasema ni mimi." Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, alisema kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, kama alivyofundisha Mtume, rehema na amani zimshukie. Yule bwana si wa dini yetu. Alimwitikia kwa adabu, akasema kopo likijaa huliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Alinitazamia na lile tairi la akiba. Alinionyesha tarakimu nne zilizopigwa ubavuni ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Letu lilisoma 2311, yaani juma la 23 la 2011. Lilikuwa limefanya nyufa nyembamba kama kisigino. Akalijaza upepo kwa ajili ya safari ya kurudi tu, akaniambia ninunue jingine, nami nimenunua. Siku hizi siku ya kujaza upepo hufunua zulia kwanza, na kipimo hukisoma kwenye kile kibandiko kilicho pembeni mwa mlango wa dereva. Letu ni paundi 32.

Tulipokwisha kuipita Roka, Mama aliliweka furushi juu ya mapaja yangu, nami nashika usukani, kisha akalitoa akaliweka kati yetu. "Hili sasa lako," alisema. "Unajua unaanzia wapi?"

Nikasema nia, kisha viungo vya udhu, kisha upande wa kuume.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Ikihitajika, tano. Witiri."

"Kafuri?"

"Ya mwisho."

"Na goti langu ni la kulia," alisema, "usije ukachanganya."

Tezo ilipita, na vitanda vyake vipya juani. Sikusikia mlio wowote nyuma. Tulipokaribia daraja la Kilifi binti yangu aliwaona wauza korosho, akaomba tusimame, na Mama tayari alikuwa amefungua mkoba kutafuta chenji.